Bildi za Usiku Enzi za Mgawo

Mwaka 2006 mvua ziligoma, maji ya bwawa la Mtera yakapungua, na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme ambao watu wa Dar es Salaam wa rika langu hawajausahau. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, Kijitonyama. Tulikuwa wachache, tukitengeneza programu ya hesabu za vyama vya kuweka na kukopa: akaunti za wanachama, mikopo, marejesho, riba, ripoti za mwisho wa mwezi. Jenereta tulikuwa nayo, ila dizeli ilikuwa na bei yake, na bosi alikuwa akiiwasha mteja akija. Umeme wa mtaani kwetu ulirudi jioni, na siku nyingine usiku kabisa. Kazi nzito ya kompyuta ikahamia usiku. Mchana ukabaki wa kusoma, kubishana na kupepea magazeti.

Mgawo ulitukuta pabaya. Tulikuwa katikati ya kuhama kutoka Java 1.4 kwenda Java 5, na aliyefanya kazi hiyo miaka ile atakumbuka kisa cha enum. Zamani, ukitaka kupitia orodha kitu kimoja kimoja, ulitumia kifaa cha Java kiitwacho Enumeration, na kwa kuwa waandishi wa programu ni wavivu wa majina, karibu kila mmoja alikiita enum. Kisha Java 5, iliyotoka mwaka 2004, ikalichukua jina hilo na kulifanya neno lake yenyewe. Mistari yote iliyolitumia kama jina la kawaida ikawa haramu kwa siku moja. Ilikuwapo njia ya kuiambia kompaila isome kwa sheria za zamani, na ofisi nyingi zilijisitiri hapo. Sisi tuliamua kuvuka moja kwa moja. Programu yetu ilikuwa na moduli zaidi ya ishirini, zimeandikwa na mikono tofauti, nyingine na watu waliokwisha kuondoka, na hakuna aliyejua enum zimejificha wapi na wapi.

Kukompaili tulitumia Ant, chombo kinachosoma maagizo kutoka faili la build.xml: kompaili hiki, kisha kile, kisha funga vyote kwenye jar. Ant ina tabia moja ambayo kwa siku za kawaida ni ya kusifiwa. Ikikutana na moduli isiyokompailika, husimama hapohapo, ikaandika BUILD FAILED na muda iliotumia. Haigusi kinachofuata.

Sasa fikiria tabia hiyo wakati umeme ni wa kuhesabu. Unaanzisha bildi saa nne usiku, unaizima skrini, unapanda daladala kwenda nyumbani ukijua asubuhi utakuta orodha ya kazi. Asubuhi unakuta ilisimama kwenye moduli ya pili baada ya dakika chache tu, na seva imekesha bure. Unarekebisha mstari mmoja, umeme unakatika, unasubiri tena usiku. Kwa mwendo huo tungevuka kwenda Java 5 mgawo umeshakuwa hadithi.

Kijana mmoja wa ofisini, mwepesi wa mikono, akapata dawa ya haraka. Agizo la javac ndani ya Ant lina kipengele kiitwacho failonerror. Usipokitaja kinahesabiwa kuwa true, maana yake makosa yakitokea, simama. Akapita moduli zote akiandika false. Usiku ule bildi ilikwenda mpaka mwisho, na chini kabisa ikaandika BUILD SUCCESSFUL.

Asubuhi kabla umeme haujaondoka tukaichapa orodha kwa ile Epson ya nukta tuliyokuwa tukichapia vocha za majaribio, karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Mashine ikalia, karatasi zikajikunja sakafuni, zikafika mlangoni. Ndipo nikaona kwamba orodha ndefu si lazima iwe orodha nzuri. Sehemu kubwa ya karatasi ilikuwa kilio kimoja kinachorudiwa, "cannot find symbol". Moduli ya msingi, ile ambayo nyingine zote zinaiegemea, ilikuwa imeanguka kwa mistari michache tu ya enum. Madarasa yake hayakuzaliwa, na kila moduli iliyoyahitaji ikalalamika kwa kila mahali ilipoyataja. Javac kwa kawaida huonyesha makosa 100 na kunyamaza, lakini kijana wetu alikuwa amekwishaongeza -Xmaxerrs, ikaruhusiwa kulalamika mpaka ichoke.

Palikuwa na mzee mmoja pale ofisini. Mzee kwa heshima tu, hakuwa amefika miaka hamsini, ila alikuwa ametumikia shirika moja la umma enzi za mashine za Unix na programu za C, na sisi wa Java tulimwona kama mtu aliyetoka vitani. Akavuta kiti dirishani penye mwanga, akachukua rula na kalamu nyekundu, akaanza kukata kurasa nzima kwa mstari mmoja wa mshazari.

"Mzee, unafuta makosa?" nikamuuliza.

"Haya si makosa, dogo. Haya ni watoto. Tafuteni mama yao."

Mama yao alikuwa ukurasa wa kwanza. Alipomaliza kukata, rundo lote lilibaki kurasa chache za makosa halisi, na nusu ya siku ilikuwa imekwisha.

Ndipo akatuambia habari za make. Wengi wetu tulikuwa tumeisikia tu, kama mtu anavyosikia habari za gari moshi la makaa. Stuart Feldman aliiandika mwaka 1976 huko Bell Labs, Marekani, na chanzo chake ni hasira ya mtu mmoja. Mwenzake Steve Johnson, mwandishi wa yacc, aliingia ofisini kwake akilaani: alikuwa amepoteza asubuhi nzima kuwinda kosa katika programu isiyo na kosa. Kosa lilikwisha kurekebishwa kwenye faili, ila faili lile halikukompailiwa upya, kwa hiyo programu aliyokuwa akiiendesha ilikuwa na kipande cha zamani ndani yake. Feldman akatengeneza chombo cha kujua ni nini kimebadilika na ni nini kinategemea nini, ili kipande kilichochacha kisibaki kwenye chungu. Mwaka 2003 chama cha wanasayansi wa kompyuta, ACM, kilimtunuku kwa kazi hiyo.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kitarudi, na kwetu kilirudi kwa gharama.

Make ina vitufe viwili ambavyo Mzee alitaka tuvitofautishe kama tunavyotofautisha chumvi na sukari. Kimoja ni -i: makosa yapuuzwe, kila agizo litekelezwe, liwe na maana au lisiwe nayo. Kingine ni -k. Huyu wa pili ana adabu. Faili likianguka, make huliacha pamoja na kila kinacholitegemea, kisha huendelea na vile ambavyo havina uhusiano nalo. Mwishoni hutaja ambavyo havikujengwa, na hutoka na namba isiyo sifuri, ambayo kwa mashine ni sawa na kusema kazi haikufanikiwa. Ukiwa na programu ya mafaili mengi ya C, -k hukupa kwa safari moja makosa yote yanayojitegemea, bila kukuletea watoto wa makosa kutoka moduli nyingine. Watu wanaotengeneza GCC, kompaila maarufu kuliko zote za Unix, hata majaribio yao wanashauri yaendeshwe kwa make -k check, maana jaribio moja likianguka hakuna sababu ya kuyanyima mengine nafasi.

Ant nayo, kumbe, ilikuwa na -k yake tangu toleo la 1.6, ila sisi haikutufaa kitu. Build.xml yetu ilikuwa na lengo moja kubwa lililoita moduli zote kwa mfululizo, na -k ya Ant hupima kwa malengo: lengo likianguka, yanayolitegemea yanarukwa na mengine yanaendelea. Lengo likiwa moja tu, hakuna la kuendelea nalo. Ilibidi kila moduli ipewe lengo lake na itaje waziwazi inamtegemea nani.

Kazi hiyo ilifanywa mchana, bila umeme, nyuma ya kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita. Mzee akachora visanduku, sisi tukabishana juu ya mishale. Moduli ya mikopo inategemea ya wanachama, sawa. Je, ya wanachama inategemea ya mikopo? Haipaswi. Tulipofungua faili kwenye laptop yenye betri tukakuta inategemea, kwa sababu mtu fulani zamani aliona njia ya mkato. Mishale ikawa inazunguka. Naweza kusema mchoro ule wa kalenda ulitufundisha programu yetu kuliko nyaraka zozote tulizowahi kuwa nazo, na tusingeuchora kama umeme ungekuwapo.

Baada ya hapo usiku ukawa na faida. Bildi ya -k ilikuwa ikitupa kurasa zinazosomeka. Asubuhi tunazichapa, tunazichana kwa moduli, kila mtu anachukua zake na kalamu. Mtu anakaa na karatasi mchana kutwa, anaandika pembeni la kufanya, na umeme ukirudi anaingiza marekebisho yote kwa mkupuo. Nimesoma baadaye kwamba wenzetu wa enzi za kadi za matundu walifanya kazi vivyo hivyo. Ulikabidhi kadi zako, ukarudi kesho kuchukua karatasi. Kwa sababu hiyo kompaila za wakati ule zilijitahidi zisikate tamaa mapema. Chuo Kikuu cha Cornell kilikuwa na kompaila ya wanafunzi iitwayo PL/C, ambayo ikikutana na kosa ilijaribu kulisahihisha yenyewe kwa kubahatisha, ikaendelea, ili mwanafunzi asirudi mikono mitupu.

Mimi nilikuwa nimelelewa kinyume kabisa. Programu nilijifunza kwa Turbo Pascal, na Turbo Pascal ilikuwa ikisimama kwenye kosa la kwanza, inakuwekea kasa palepale, basi. Hakuna orodha. Haikuhitajika, maana kukompaili upya kulichukua kufumba na kufumbua. Nikiwa chuoni nilidhani hiyo ndiyo namna ya kompaila zote zenye akili. Mgawo ulinionyesha kwamba kusimama au kuendelea ni swali la bei: jaribio moja linakugharimu nini? Likiwa la bure, simama kwenye kosa la kwanza, lirekebishe, rudia. Likikugharimu usiku mzima, taka kila kitu kinachoweza kujulikana kabla hakujapambazuka.

Hata hivyo karatasi hazikuisha kwa safari moja, na anayeahidi hivyo hajawahi kufanya kazi hii. Makosa huja kwa tabaka. Kosa la uandishi, kama lile la enum, mara nyingi humzuia mkaguzi asifike kwenye makosa ya maana, kama vile kupeleka namba mahali panapotaka maandishi. Unasafisha tabaka la juu, linaibuka la chini, ambalo lilikuwapo siku zote. Bosi alikuwa akiona orodha ya leo ni ndefu kuliko ya jana anakunja uso. Tukawa tunamwonyesha ni moduli ngapi zimepita, si makosa mangapi yamebaki.

Tulivuka. Enum ziliisha, na moduli zote zikakompailika kwa Java 5. Ila zile false za yule kijana zilikuwa zimeondolewa kwa mkono, moduli moja moja, na moja ikasahaulika: moduli ya ripoti, ambayo aliitunza fundi wa mkataba aliyekuwa akija na kuondoka. Fundi yule aliikuta, akaona inamrahisishia maisha, akaiacha.

Miezi ikapita. Tukabadilisha hesabu ya riba, kutoka namba za double, ambazo hupoteza senti njiani, kwenda BigDecimal. Moduli ya mikopo ikakompailika vizuri. Kwenye ripoti, faili moja lililokuwa limeguswa siku zilezile kwa ajili ya mpangilio wa kurasa lilikuwa bado linaita riba kwa namna ya zamani. Javac ikalikataa, ikasema waziwazi kwamba riba inayotaka BigDecimal haiwezi kupewa double. Lakini iliagizwa isisimame. Ant ikaendelea, ikaingia kwenye folda ya madarasa, ikakuta darasa la zamani la faili lilelile, lililokompailiwa kabla ya mabadiliko, ikalifunga ndani ya jar pamoja na mengine mapya. BUILD SUCCESSFUL. CD ikachomwa, ikapanda basi kwenda kwa mteja mikoani.

Simu iliingia Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

"Kaka, habari za kazi? Huku mashine imeandika Kiingereza kirefu, haitaki kutoa taarifa za mikopo."

"Pole sana, dada. Hebu nisomee mstari wa kwanza."

"Java... nukta... lang... nukta... No Such... Method... halafu Error. Wanachama wamejaa hapa nje, kaka."

NoSuchMethodError maana yake darasa moja limemwita mwenzake kwa mlango ambao haupo tena. Kipande cha zamani katikati ya vipya. Ugonjwa wa Steve Johnson, uleule ambao make ilizaliwa kuutibu miaka thelathini nyuma, sisi tuliurudisha kwa neno moja la herufi tano. Na jambo lililoniuma zaidi ni kwamba maneno aliyonisomea yule dada kwenye simu, kompaila ilikwisha kuyasema kwa lugha nyingine ofisini kwetu, usiku, kwenye faili ambalo hakuna aliyelifungua kwa sababu mstari wa mwisho ulisema mambo ni shwari.

Mzee hakupiga kelele. Alibadilisha vitu viwili. Kwanza, hakuna jar ya mteja itakayofungwa bila kufuta folda ya madarasa yote na kuanza upya, hata kama ni kazi ya saa nzima. Pili, bildi ya usiku ikapewa alama yake, kigezo kiitwacho usiku, na lengo la kufunga jar likawekewa agizo la fail linaloangalia alama hiyo. Ukiendesha kwa namna ya kuendelea mbele ya makosa unapata karatasi zako, ila jar hupati, hata ukiililia. Akatuonya pia juu ya agizo la exec, linaloita programu za nje, kwa sababu lenyewe ni kinyume cha javac: usipotaja failonerror, linachukua false. Programu ya nje inaweza kuanguka vibaya na Ant ikapita kama haijaona. Sijui aliyepanga hivyo aliwaza nini, na mpaka leo naona ni uamuzi mbovu.

Kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, tukathubutu kuhamia Maven, ambayo kwa dishi la setilaiti lisilo na kasi ilikuwa mateso, maana hushusha maktaba zake kutoka intaneti. Maven imelipanga jambo hili vizuri kuliko Ant. Ukiipa --fail-at-end, moduli ikianguka zile zinazoitegemea zinaandikwa SKIPPED, nyingine zinaendelea, na mwishoni unapata jedwali la moduli zote na jibu la jumla kwamba bildi imeanguka. Ile kalenda yetu, kwa maneno mengine, ila inachorwa na mashine. Inayo pia --fail-never, ambayo sijawahi kuona matumizi yake ya halali kwenye seva ya kutolea matoleo. Gradle ina --continue, yenye adabu ileile ya -k. Eclipse, kwa upande wake, ina kompaila inayoweza kuzalisha darasa hata penye kosa. Mahali pa kipande kibovu huweka bomu, na programu ikifika hapo inalipuka na kuandika "Unresolved compilation problem". Kwa mtu anayejaribu kitu mezani kwake ni msaada mkubwa. Nimeshaikuta pia kwa mteja, kwenye kompyuta ya mhasibu, na hapo si msaada tena.

Mzee alistaafu. Vijana wa siku hizi bildi zao zinafanyika kwenye seva za mbali, umeme si hoja, na jibu linarudi kabla chai haijapoa. Lakini mifumo ya Ant bado imejaa katika ofisi zetu, kwenye vyama vya ushirika, kwenye hospitali, kwenye maghala, ikitunzwa na watu ambao hawakuiandika. Kama wewe ni mmoja wao, fungua build.xml leo na utafute neno failonerror. Ukikuta false kwenye javac, usiifute na kuishia hapo. Kwanza futa folda ya madarasa, endesha bildi upya ukiwa umeirudisha true, uone kinachoanguka. Kisha linganisha na jar iliyoko kwa mteja wako sasa hivi, na umpigie simu kabla yeye hajakupigia.